Kufanya Kazi na Hisia Zilizokandamizwa: Mwongozo Kamili kwa Mshauri Nasaha

Mteja anasimulia jinsi mdogo wake alivyofariki, na huku anatabasamu. Mwingine anaeleza alivyodhulumiwa nyumba kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari, kisha anauliza kama kuna dawa ya kuumwa kichwa. Wa tatu anasema, "Mimi sina ugomvi na mtu, nimechoka tu." Mshauri ambaye bado ni mgeni katika kazi hii hukimbilia kuuliza, "Unajisikiaje kuhusu hilo?" Hujibiwa, "Kawaida." Akirudia swali anajibiwa vilevile, na mara ya tatu mteja anaanza kutazama saa.

Swali hilo halizai kitu kwa sababu linadai kile hasa ambacho mteja amejifunza kwa miaka mingi kutokigusa. Hisia haijapotea. Inazuiwa, na kuzuia ni kazi inayofanyika sasa hivi mbele yako: kwa misuli, kwa macho, kwa pumzi, kwa maneno. Ndiyo maana mshauri hachimbi hisia. Anachofanya ni kupunguza hofu inayomfanya mteja aizuie, kwa kasi ambayo mwili wa mteja unaimudu. Hatua zote zilizomo humu zinatokana na hilo.

Unachokishughulikia hasa

Kuna mtu anayejua kwamba amekasirika ila anajikaza. Huyu anazuia kwa makusudi, na mara nyingi anachohitaji ni usalama na ruhusa. Kuna mwingine ambaye hasira haimfikii kabisa. Anachokipata ni kichwa kuuma, usingizi wa ghafla, au hamu ya kubadili mada. Huyu wa pili lazima kwanza aonyeshwe kwamba kuna kitu kinatokea. Wengi wana mchanganyiko: huzuni wanaijua na kuificha, hasira hawana habari nayo.

Mwaka 1993 wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha wanafunzi filamu ya kuchukiza, na baadhi yao wakaambiwa wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli. Kinyaa hakikupungua, na umeme wa ngozi, ambao hufuata jasho na msisimko wa mwili, ulipanda. Mwaka 1997 walitumia pia filamu za huzuni na za kuchekesha: waliojizuia hawakupungukiwa na huzuni, lakini burudani waliyoipata ilipungua. Mkumbuke mteja anayekuja akilalamika kwamba hafurahii chochote siku hizi. Mara nyingi hajui kwamba bei ya kuzima machungu inalipwa pia na furaha.

Mwanasaikolojia Mwingereza David Malan aliuchora mgogoro huu kama pembetatu yenye ncha tatu: hisia, wasiwasi, na kinga, yaani njia anayotumia mtu kuikwepa hisia. Mteja anamkasirikia baba yake (hisia), tumbo linasokota (wasiwasi), anasema, "Lakini mzee alitulea vizuri, sina cha kulalamika" (kinga). Jizoeze kuzitenganisha. Chukua dakika 10 za kikao kilichorekodiwa kwa idhini ya mteja, andika pembeni mwa kila sentensi H, W au K. Utashangaa jinsi H zilivyo chache. Utashangaa zaidi kuona ni mara ngapi wewe mwenyewe ulijibu K kana kwamba ni H.

Kabla ya kuanza

Kazi hii haimfai kila mtu kila wakati. Ahirisha, au mpeleke kwanza kwa daktari wa afya ya akili, ikiwa mteja ana dalili za saikosisi (kupoteza mguso na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo) au mania (msisimko uliopita kiasi), ana mpango wa kujiua au alijaribu hivi karibuni, anakunywa pombe au kutumia dawa za kulevya kiasi cha kutoweza kuja kikaoni akiwa timamu, au bado anaishi na mtu anayempiga. Kwa huyu wa mwisho, kinga ndiyo inayomweka hai. Mteja aliyejifunza kikaoni kusema hasira yake, kisha akarudi nyumbani kwa mtu mkatili, unaweza kuwa umemponza. Mpango wa usalama hutangulia.

Uliza pia kuhusu mwili na dawa. Tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri humfanya mtu awe mzito na baridi kihisia. Baadhi ya dawa za sonona, hasa zile za kundi la SSRI, hufubaza hisia kwa baadhi ya watumiaji. Mteja asiache dawa kwa shauri lako. Zungumzeni na aliyemwandikia. Na maumivu ya kifua, kuzimia au tumbo linalouma kwa muda mrefu vichunguzwe hospitali kabla hujayaita "hisia zilizofukiwa". Ni makosa ya kizembe na hutokea.

Mwishowe pata kibali, nacho si karatasi tu. Mweleze mteja kwa lugha nyepesi: "Kuna nyakati tutakaribia mambo ambayo umezoea kuyakwepa. Nitakuwa nauliza mwili wako unafanya nini. Ukitaka tusimame, inua mkono, nasi tutasimama." Kisha heshimu mkono huo mara ya kwanza kabisa utakapoinuliwa, hata kama unaona mlikuwa karibu kufika. Hapo ndipo imani inapojengwa au kuvunjika.

Kikao cha dakika 50 kigawe hivi: dakika 10 za kuingia na kuchagua tukio, 25 za kazi yenyewe, 15 za kushuka na kutafakari. Usianzishe jambo zito baada ya dakika ya 35. Wateja wa aina hii wana tabia ya kutupa neno kubwa wakiwa wameshashika kitasa cha mlango. Lipokee, liandike, sema mtaanza nalo wiki ijayo.

Hatua ya kwanza: tukio moja

Hisia hazikai ndani ya maneno kama "siku zote", "watu" na "maisha". Omba tukio moja lenye siku, mahali na mtu: "Nipe mara ya mwisho ilipotokea. Ilikuwa lini? Mlikuwa mmekaa wapi? Yeye alisema nini, kwa maneno yake?" Mteja akitoa maelezo ya jumla mara tatu mfululizo, usiongeze maswali. Hiyo sasa ni kinga, na dawa yake iko hatua inayofuata.

Chagua tukio la ukali wa kati. Muulize uzito wake kwa kipimo cha 0 hadi 10, mwanze na lile la 4 au 5. Msiba mkubwa wa maisha au kiwewe cha utotoni visiwe mwanzo.

Hatua ya pili: itaje kinga bila kumshtaki mwenye nayo

Kinga zina sura nyingi: kicheko, maelezo marefu ya kisomi, kumtetea aliyemkosea, kutazama dirishani, "labda", "nadhani kama", kujilaumu, kukuuliza wewe habari zako. Kuna na ile ya kujikinga kwa dini au busara: "Nimeshamsamehe, nimemwachia Mungu." Usibishane nayo. Msamaha wa kweli upo. Kinachoangaliwa ni kama mwili unakubaliana na maneno. Mtu aliyesamehe anaweza kulitaja jina la mkosaji bila taya kukaza.

Taja unachokiona, kisha onyesha kazi ambayo kinga hiyo inafanya na gharama yake. Kwa mfano:

— Nimeona kila tukimfikia kaka yako unacheka. Umeona?

— Aa, ni mazoea tu.

— Ndiyo, na bila shaka yalikusaidia wakati fulani. Nauliza tu: hicho kicheko kikija, kile kilichokuwa kinataka kuja kinakwenda wapi?

Mambo matatu yamo katika maneno hayo: kinga imeonwa, imeheshimiwa, na imetenganishwa na mtu mwenyewe. Ukiruka la pili mteja anaona aibu na kujifunga zaidi. Ukiona kinga haimkeri hata kidogo, yaani anasema, "Ndivyo nilivyo," bakia hapa. Vinaweza kupita vikao kadhaa kabla hajaanza kuiona kama kitu anachokifanya, tofauti na kitu alicho. Wengi huharibu kazi kwa kuwahi kutoka hapa.

Hatua ya tatu: soma wasiwasi mwilini

Usome mwili sekunde kwa sekunde, kwa sababu ndio unaokuambia uongeze mwendo au upunguze. Habib Davanloo, daktari wa akili aliyefanya kazi Montreal, alieleza kwamba wasiwasi unaoamshwa na hisia zilizofukiwa hupita njia tofauti mwilini, na kila njia inataka mwenendo wake.

Njia ya kwanza ni misuli ya hiari. Vidole vinakunjana, mabega yanapanda, shingo inakaza, na mteja anashusha pumzi ndefu bila kujua. Hii ni habari njema. Anaimudu hali na unaweza kuendelea. Mshuso wa pumzi mara tu baada ya kutaja jina la mtu fulani ni ishara bora kuliko jibu lolote la maneno. Rudi kwenye jina hilo.

Njia ya pili ni misuli isiyo ya hiari na viungo vya ndani: kichefuchefu, tumbo kusokota, haja ya ghafla ya kwenda chooni, kipandauso. Cha ajabu ni kwamba misuli ya nje mara nyingi hulegea, na mteja anaonekana ametulia. Mshauri asiyejua hudhani mambo ni shwari, akasukuma zaidi, na mteja akaenda kuumwa siku mbili. Hapa punguza mwendo.

Njia ya tatu ni kuvurugika kwa fikra: macho yanapata ukungu, masikio yanavuma, mteja anapoteza uzi wa maneno, anakuuliza, "Ulisema nini?", au anahisi yuko mbali na mwili wake. Hapa simama. Si wakati wa kuuliza habari za hisia hata kidogo.

Kusimama si kukaa kimya. Kwa aliyevurugika, macho yafunguliwe, miguu yote miwili ikanyage sakafu, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, vinne anavyoweza kugusa, vitatu anavyosikia. Ongea kwa sentensi fupi. Ikiwa anahema kasi na vidole vimeanza kufa ganzi, mwongoze kurefusha kutoa pumzi kuliko kuvuta, kama pumzi sita kwa dakika. Kumwambia "vuta pumzi ndefu" peke yake humzidishia. Akisharejea, tumieni akili kulitazama lililotokea: "Tulikuwa tunamzungumzia mama. Ukasema neno hasira. Hapo hapo kichwa kikawa kizito. Unaonaje mfuatano huo?" Akiweza kuuona mfuatano huo kwa macho yake mwenyewe, uwezo wake wa kubeba umepanda kidogo. Rudini kwenye hisia kwa muda mfupi, dakika moja au mbili, kisha mpande tena juu kuutafakari. Kwa mteja dhaifu, kwenda na kurudi huku ndiyo tiba yenyewe kwa miezi, na hakuna ubaya.

Hatua ya nne: kuisikia hisia yenyewe

Wasiwasi ukiwa kwenye misuli ya hiari na kinga imelegea, elekeza swali kwenye mwili. Mwanafalsafa na mtaalamu wa tiba Eugene Gendlin, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Chicago, aliona kwamba wateja wanaofaidika ni wale wanaosita katikati ya maneno na kusikiliza ndani kitu ambacho bado hakina jina. Wape nafasi ya kusita. Sekunde 20 za ukimya ni nyingi kwa mshauri, ni chache kwa mteja.

Fuata mpangilio huu: mahali, umbo, msukumo, jina. "Kiko wapi? Kifuani, kooni, tumboni? Kikoje, kizito, cha moto, kinabana? Kama mwili ungefanya unachotaka, ungefanya nini?" Jina lije mwisho. Hasira kwa kawaida huja na joto linalopanda toka tumboni kwenda kifuani na mikononi, pamoja na msukumo wa kusogea mbele. Huzuni huja na uzito kifuani na donge kooni. Aibu inataka kujificha, macho yanashuka. Hatia inataka kurekebisha. Mteja anayesema "moyo mzito" au "roho inaniuma" ameshakupa mahali na umbo. Pokea lugha hiyo, usimlazimishe atumie istilahi zako.

Yupo anayekosa maneno kabisa. Mwaka 1973 daktari wa akili Peter Sifneos aliipa hali hii jina aleksithimia. Kwa mtu wa namna hii, maswali ya "unahisi nini" ni kumtesa. Mpe orodha ya hisia sita au nane achague, mwanze na jozi rahisi: hii ni afadhali au mbaya, ina nguvu au imelegea, inataka kusogea au kukimbia. Jambo la kufundishwa hapa ni msamiati, hivyo panga miezi.

Kisha pima: hii ni hisia ya chini au ya juu? Mwanasaikolojia Leslie Greenberg hutofautisha hisia ya mwanzo na ile inayoifunika. Hasira ya mume anayegombana kila siku inaweza kuwa inafunika hofu ya kuachwa; machozi ya binti mpole yanaweza kuwa yanafunika hasira. Hisia inayofunika hujirudia bila nafuu: mteja analia kikao kizima, anatoka amechoka, wiki ijayo analia vilevile. Hisia ya mwanzo inapanda, inafika kilele, inashuka ndani ya dakika chache, na inaacha kitu kipya: kumbukumbu, uamuzi, au sentensi ambayo hajawahi kuisema. Kwa hiyo machozi si ushahidi kwamba mmefika. Mteja akianza kulia mara tu hasira ilipotajwa, muulize kwa upole, "Kabla ya machozi kulikuwa na nini?"

Hatua ya tano: viti viwili

Zoezi la kiti kitupu, ambapo mteja huzungumza na mtu anayemwazia amekaa kwenye kiti kisicho na mtu, linajulikana, na linaharibiwa sana kwa haraka. Weka kiti cha pili umbali wa mita moja na nusu hivi, mteja achague mwenyewe kisogee au kirudi nyuma. Kuongeza umbali tayari ni taarifa. Mwombe amwone aliyekaa pale: amevaa nini, uso wake ukoje. Kisha aongee *naye*, si *kumhusu*. Si "baba alikuwa mkali", ni "Baba, nilikuwa nakuogopa." Wewe kaa kando yake, sauti yako iwe ndogo.

Akikwama, usimsukume amalize sentensi. Ugeuze mkwamo uwe ndiyo kazi: ahamie kiti kingine na kuwa ile sehemu yake inayomnyamazisha. "Mnyamazishe. Mwambie nini kitatokea akisema." Hapo husikika mambo kama, "Ukisema atakufa kwa presha," au, "Nani atakupenda ukiwa hivyo." Sasa hofu ina maneno, na mtu anaweza kujibizana na kitu chenye maneno. Arudi kiti chake na ajibu. Mara nyingi hisia hufunguka katika kumjibu mnyamazishaji, si katika kumkabili baba.

Usitumie zoezi hili kumkabili mtesaji katika miezi ya mwanzo ya kiwewe kikali. Wala kwa mteja ambaye bado anavurugika fikra kila anapoguswa.

Kushuka

Dakika 15 za mwisho si za mapambo. Uliza: nini kimetokea hapa, mwili ukoje sasa, umegundua nini ambacho hukukijua ulipoingia? Hisia isiyowekewa maana hurudi kufukiwa usiku uleule. Mwonye pia kwamba siku moja au mbili zijazo anaweza kuwa mchovu, akaota ndoto nyingi au akawa mwepesi wa kukasirika, na mkubaliane asifanye uamuzi mkubwa wala kumpigia simu mhusika kwa saa 48.

Kwa kazi ya nyumbani, kuandika ndiko kunakofaa zaidi. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaandikisha wanafunzi dakika 15 kwa usiku nne mfululizo juu ya mambo mazito ya maisha yao. Walioandika tukio pamoja na hisia zake walijisikia vibaya zaidi mara baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walikwenda kliniki ya chuo mara chache zaidi. Fuata kipimo hicho: dakika 15 hadi 20, siku tatu au nne, bila kujali tahajia, kisha karatasi ichanwe au ifungiwe. Mweleze mapema kuhusu ule unyonge wa baada ya kuandika, la sivyo ataacha siku ya kwanza. Akianza kuandika kila siku kitu kilekile, mwambie aache, anatonesha kidonda.

Yanayoharibika, na sababu zake

Kupiga mito na kupiga kelele ili "kuitoa hasira". Jaribio la Brad Bushman la mwaka 2002 lilionyesha kwamba waliopiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa bila kufanya chochote. Hasira haipungui kwa kutikiswa. Inapungua inapojulikana inamhusu nani, inadai nini, na haki ipi ilivunjwa.

Kumpandikizia mteja kumbukumbu. Kamwe usiseme, "Dalili zako zinaonyesha ulinyanyaswa utotoni, ila umesahau." Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell walionyesha mwaka 1995 kwamba takriban robo ya watu 24 waliosimuliwa tukio la uongo la kupotea dukani wakiwa watoto waliishia kulikumbuka, lote au sehemu. Fanya kazi na hisia iliyopo na tukio ambalo mteja mwenyewe amelileta. Ukimya kuhusu miaka fulani uache uwe ukimya.

Mshauri kujikinga. Mteja anakaribia kulia, wewe unamsogezea leso, unatoa ushauri, au unauliza swali la kiakili. Leso inayowahi ni amri ya kufuta machozi. Iwe mezani, aichukue mwenyewe. Angalia ni hisia ipi unayoikimbia wewe kila mara, na uipeleke kwa msimamizi wako wa kitaalamu.

Mteja kurudi wiki inayofuata akiwa baridi kuliko mwanzo, au kutorudi. Karibu kila mara mlikwenda kasi, au aliondoka na aibu. Akirudi, anza na hilo: "Wiki iliyopita ulinionyesha kitu ambacho huwaonyeshi watu. Ilikuwaje ulipofika nyumbani?"

Kufuatilia na kumaliza

Baada ya kila kikao andika mistari minne: nini kiliamsha, wasiwasi ulipita njia gani, kinga ipi ilitokea, mlifika hisia ipi. Baada ya vikao nane mistari hiyo itakuonyesha mwelekeo. Maendeleo yanaonekana wasiwasi unapohama kutoka tumboni au kichwani kwenda kwenye misuli, mteja anapojikamata mwenyewe ("nimeanza kucheka tena"), na anapoleta habari za nje: amemwambia bosi hapana, amelia msibani, amecheka kweli. Kusipokuwa na dalili hata moja baada ya vikao 8 hadi 10, pitia upya mpango mzima na msimamizi wako.

Tangaza mwisho wa tiba vikao vitatu au vinne kabla. Mteja aliyezoea kukandamiza atasema, "Nashukuru sana, niko sawa," na atapendekeza mmalize leo. Usikubali upesi. Kuagana kuna huzuni na mara nyingi kuna hasira juu yako wewe, na safari hii mtu anayekasirikiwa amekaa mbele yake na anaweza kumjibu. Muulize ni kitu gani hakukipata kwako. Jibu likija huku vidole vimekunjana na pumzi ndefu imeshuka, rudini hatua ya tatu na muendelee kutoka hapo.